Kazi za Babu Zetu katika Vitabu vya Kale



Katika mwaka huu wa yubile, jamaa nyingi zimetuomba kujua babu zao walifanya kazi gani wakati wa mwanzo wa misioni. Vitabu viko: vile vya parokia, na orodha za watu zilizoandikwa na Leta. Lakini maneno yake ni ya Kifaransa na ya Kilatini cha zamani, na mtu akiyasoma haraka atarudi nyumbani na haya bure au na majivuno bure. Basi tumeona vema kueleza namna ya kuyasoma.

Kwanza tujiulize: nani aliandika, na kwa ajili gani? Tangu mwaka 1910 Wabelgiji walitoza kodi ya kichwa kwa fedha. Karani wa Leta alipofika kijijini alitafuta walipaji wa kodi na mikono ya kazi. Ndiyo maana ya herufi H.A.V., «hommes adultes valides», yaani wanaume wazima wenye nguvu. Mke alihesabiwa, kwa kuwa mwenye wake wengi aliongezewa kodi, lakini kazi ya mke haikuandikwa. Bibi zetu waliolima mihogo, waliofinyanga vyungu, waliochota maji ya kukandia udongo wa matofali, wako katika orodha kama wake wa fulani tu.

Neno linaloonekana mara nyingi ni «cultivateur», mkulima. Tusilipokee upesi. Karani aliliandika kwa karibu kila mtu asiyepokea mshahara. Chini yake wamefichwa wavuvi wa ziwa Tanganyika, wahunzi, wawindaji, waganga wa miti shamba na wasuka mikeka. Na palipoandikwa kwamba mtu alilima pamba, tukumbuke kwamba toka mwaka 1917 sheria iliruhusu Leta kuwalazimisha watu kulima mazao iliyoyataka. Huenda babu hakuichagua kazi ile.

Neno «capita» lina maana tatu. Kapita wa kijiji alikuwa mkubwa wa kitongoji. Kapita wa kazi alisimamia kundi la watumishi. Kapita wa duka aliuza vitu vya mfanyabiashara. Tutazame mahali na bwana wake ndipo tuseme. «Moniteur» naye aweza kuwa mwalimu wa shule au mwonyeshaji wa kilimo. «Chauffeur» wa miaka ya kwanza hakuendesha motokari. Ni mchochea moto wa meli au wa gari la moshi, lile lililofika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Na «boy» hakuwa lazima kijana: mzee mwenye mvi na wajukuu aliitwa hivyo hivyo. Aibu ya neno lile ni ya aliyeliandika, si ya mzee wetu.

Tukikuta «porteur» katika miaka ya 1914 mpaka 1918, tusimame kidogo. Kongo ilitoa wapagazi zaidi ya 200,000 kwa vita ile, na wengi walibeba mizigo ya jeshi lililofika Tabora mwaka 1916. Wengi hawakurudi. Herufi F.P. ni askari wa Force Publique, C.F.L. ni kampuni ya gari la moshi ya Maziwa Makubwa, U.M.H.K. ni kampuni ya shaba ya Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Herufi hizo zaweza kueleza kwa nini watoto wa mtu mmoja walibatizwa mbali na kwao.

Vitabu vya parokia vina shabaha nyingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kila paroko awe na vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na wafu, na ajitahidi kuandika pia kile cha hali ya roho za watu wake. Humo «faber lignarius» ni seremala, «faber ferrarius» mhunzi, «piscator» mvuvi, «coquus» mpishi. Lakini «patrinus» si kazi, ni baba wa ubatizo. Jina la baba likikosekana, tusimdharau mtu: kati ya Wakristu wa kwanza wa Kibanga na Mpala walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani.

Basi mtu mmoja aweza kuwa «cultivateur» kwa Leta na «faber» kwa padri. Hakuna aliyesema uongo; kila mmoja aliandika alichokihitaji. Ukweli wenyewe hupatikana kwa kuvilinganisha vitabu viwili, na kwa kuwauliza wazee. Wao hujua nani alichoma matofali ya kanisa, nani alipasua mbao, na wanawake gani walipika chakula cha wajenzi.

Kwa hiyo tunaomba kila jamaa ilete kwa walimu wa parokia majina ya wazee wake, pamoja na ya bibi, na jinsi yalivyotamkwa nyumbani, kwani masikio ya Wazungu yaliyageuza mengi. Tutaandika neno la kitabu upande mmoja, na neno la wazee upande wa pili. Kazi hiyo isingoje yubile nyingine, maana wanaojua ni wachache, na umri wao ni mkubwa.