Mkataba wa kununua mbwa wa mbegu: yaandikwe nini kabla ya kulipa

Pale Dumila, barabara ya Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, mwenye ghala la mahindi anahitaji mbwa wa ulinzi, mwenye duka la pembejeo anamhitaji, na mwenye zizi anamhitaji zaidi. Mbwa koko hupatikana kwa kuomba. Lakini Jemani shepadi au rotwaila mwenye karatasi za nasaba hununuliwa kwa laki kadhaa, kutoka Morogoro mjini, Dar es Salaam, Arusha au hata Nairobi. Wapo wanunuzi wasiotafuta mlinzi tu. Wanataka mbwa wa mbegu, yaani dume la kupandisha au jike la kuzaa, ili watoto wauzwe na fedha irudi.

Fedha hiyo mara nyingi hutumwa kwa simu, kwa mtu ambaye mnunuzi hajawahi kumwona, kwa makubaliano ya mdomo. Hapa tunaeleza yale ambayo yangepaswa kuwa kwenye karatasi kabla ya kuweka namba ya siri.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachouzwa

Watoto wa mbwa huuzwa wakiwa na wiki nane hivi. Katika umri huo hakuna mfugaji, hata awe amezalisha mbwa maisha yake yote, anayeweza kuthibitisha kwamba huyu atafaa kuzalisha au kupelekwa kwenye maonyesho. Korodani za dume kwa kawaida huwa zimeshuka kufikia umri huo, lakini kwa wengine moja hubaki tumboni, na madaktari husubiri hadi miezi 6 hivi ndipo waseme haitashuka tena. Dume wa namna hiyo hutolewa kwenye maonyesho, na haishauriwi kumzalisha kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa. Meno ya kudumu nayo hayajaota, kwa hiyo huwezi kujua kama taya zitakutana sawasawa. Nyonga, ambazo ni tatizo kubwa la Jemani shepadi na rotwaila, hupigwa picha ya eksirei ya kuaminika kuanzia mwaka mmoja, na wengine husubiri hadi miaka miwili. Jike wa aina hizi kubwa hashauriwi kupandishwa kabla ya kukaribia miaka miwili, kisha hubeba mimba kwa siku 63 hivi.

Maana yake ni kwamba anayelipa leo atajua alichonunua baada ya miaka miwili. Muuzaji anaposema "huyu ni wa mbegu" anazungumzia wazazi wa mtoto huyo, na kuhusu mtoto mwenyewe anatoa ahadi. Kifungu muhimu kuliko vyote ni kile kinachosema ahadi hiyo isipotimia itakuwaje.

Wafugaji wenye mikataba mizuri huchagua moja kati ya njia tatu: muuzaji arudishe tofauti ya bei kati ya mbwa wa mbegu na mbwa wa kufuga tu; ampe mnunuzi mtoto mwingine; au achukue mbwa wake na kurudisha fedha yote. Sisi tunaona njia ya kwanza ndiyo inayotekelezeka. Baada ya miaka miwili mbwa ameshapewa jina, analinda uwanja, na watoto wa nyumba hiyo hawatakubali arudishwe. Njia ya pili ina mtego: "mtoto mwingine" asipotajwa atatoka kwa wazazi gani, anaweza kuletwa na kasoro ileile, na tarehe ya mwisho isipoandikwa mnunuzi atazungushwa kila uzao. Mkikubaliana njia ya kwanza, bei zote mbili ziandikwe siku hiyohiyo, na pia daktari gani atathibitisha kasoro na gharama ya eksirei ni ya nani.

Sheria ya Tanzania inamsaidia nani

Mbele ya sheria mbwa ni bidhaa. Mauzo yake yanaongozwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ile ya mauzo inataka maandishi kwa bidhaa yenye thamani ya kuanzia shilingi 200, kiwango kilichobaki tangu enzi za ukoloni, ila haidai maandishi pale mnunuzi anapokuwa ametoa sehemu ya malipo au amepokea bidhaa. Kwa hiyo aliyetuma malipo ya awali ana mkataba. Kinachomkwamisha ni ushahidi. Ujumbe wa simu unaonyesha fedha ilikwenda, lakini hauonyeshi kwamba uliahidiwa jike atakayezaa.

Kwa kawaida sheria hiyo humwachia mnunuzi mzigo wa kukagua anachonunua. Lakini mnunuzi akimweleza muuzaji kusudi la kununua, akategemea ujuzi wake, na muuzaji huyo akawa ndiye anayefanya biashara ya bidhaa hizo, basi sheria inachukulia kwamba bidhaa itafaa kwa kusudi hilo. Ndiyo maana sentensi moja fupi ina uzito mkubwa: "Mnunuzi amemweleza muuzaji kwamba anamnunua jike huyu kwa ajili ya kuzaa." Bila sentensi hiyo, muuzaji atasema aliuza mbwa wa kulinda, na mbwa kweli anabweka. Na kama muuzaji ni jirani ambaye mbwa wake amezaa mara moja tu, kinga hiyo ya sheria ni dhaifu, hivyo dhamana yenyewe iandikwe waziwazi.

Wauzaji nao wana madai yao. Wengi huandika kwamba mnunuzi akimzalisha mbwa bila ruhusa atalipa kiasi fulani kikubwa. Sheria ya Mikataba haimpi muuzaji kiasi hicho moja kwa moja. Mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi kile kilichotajwa. Na tumeona mikataba iliyonakiliwa kutoka Marekani, yenye kifungu cha usajili wenye mipaka wa American Kennel Club, ambao hufanya watoto wa mbwa huyo wasisajiliwe huko. Kwa Nairobi, ambako East Africa Kennel Club hutunza daftari la nasaba na kuandaa maonyesho, kuzuia usajili kunaweza kuwa na maana. Mnunuzi wa Dumila anayewauzia watoto wenye maghala hataumia hata kidogo. Muuzaji anayetaka kulinda mbegu yake abaki na karatasi za nasaba hadi masharti yatimie, na mkataba useme hivyo, ili mnunuzi asije akadhani ameibiwa.

Mkataba uwe wa Kiswahili, wenye mashahidi wa pande zote mbili. Madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mhuri wa mtendaji wa kijiji unasaidia kuthibitisha kwamba mlikutana, lakini si badala ya ushuru wa stempu. Hati inayopaswa kulipiwa ushuru huo haipokelewi kuwa ushahidi hadi ulipwe.

Siku 14 za mwanzo

Mtoto wa mbwa akifa siku ya tano nyumbani kwako, nani alaumiwe? Kwa ugonjwa wa parvo, ambao huua watoto wengi kwa kuhara damu, dalili huonekana kati ya siku 3 na 14 baada ya kuambukizwa. Akiugua siku ya pili, karibu hakika alitoka nao kwa muuzaji. Akiugua wiki ya nne, aliupata kwako. Katikati hapo ni ubishi, na ndiyo sababu dhamana ya afya ya siku 14, ikiambatana na uchunguzi wa daktari wa mifugo ndani ya siku tatu, ni ya haki kwa wote wawili. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro mjini, njiani kwa anayemtoa mbwa Dar es Salaam. Kadi ya chanjo iambatishwe, ionyeshe tarehe na sahihi ya daktari. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu, kwa hiyo mtoto wa wiki nane mwenye kadi inayodai ameshapata atiliwe shaka.

Kuna maradhi ambayo muuzaji wa mjini hawezi kuyabeba. Wilaya ya Kilosa inapakana na Hifadhi ya Mikumi, na kwenye mbung'o kuna nagana, ambayo huwapata mbwa pia. Macho hugeuka rangi ya maziwa na mnyama huisha haraka. Kupe nao wanangoja. Mkataba uyataje maradhi hayo kwamba ni ya mnunuzi tangu siku ya kumpokea.

Kumpokea wapi? Hatari ya bidhaa huhama pamoja na umiliki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mtoto akifia kwenye buti la basi kwa joto, bila kifungu cha makabidhiano kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole. Iandikwe ni wapi mbwa anakuwa wa mnunuzi, na nani anamlisha safari ikikwama. Januari 2014 mafuriko yalipokata barabara darajani Dumila, magari ya Dodoma yalisimama. Kwa mbwa anayetoka Kenya, muuzaji na mnunuzi waandike pia nani anashughulikia cheti cha afya na kibali cha kuingiza mnyama, kwa sababu asiye navyo anaweza kumpoteza mbwa mpakani.

Kukodi dume

Asiye na fedha ya kununua dume hukodi la mwenzake na kulipa kwa fedha au kwa mtoto mmoja wa uzao huo. Kabla ya hapo wote wawili wapimwe na daktari, hasa kuhusu ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao ni wa kawaida kwa mbwa wanaozurura. Jike afungiwe muda wote wa joto. Uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili, na koko akiruka ua usiku, mwenye dume ataambiwa watoto si wake.

Malipo yakiwa ni mtoto, mkataba useme nani anachagua kwanza na wakati gani. Wiki ya saba inatosha. Useme kama jike asiposhika mimba atarudishwa kwa dume mara ya pili bila malipo. Na useme, kwa sababu hutokea, akizaliwa mtoto mmoja tu ni wa nani.