Vipande Vitatu vya Bunduki ya Mitutu Miwili

Bunduki ya mitutu miwili iliyolazwa sambamba, ambayo wawindaji wengi huiita shotigani, hutenganishwa katika vipande vitatu tu: mitutu yenyewe, kitako kilichoungana na mtambo, na kipande kifupi cha mti kinachokaa chini ya mitutu, pale mkono wa mbele unaposhika. Kuiunganisha upya hakuhitaji nyundo wala bisibisi. Mitutu hupachikwa kwenye pini ya bawaba, hufungwa, kisha kile kipande cha mti hubanwa mahali pake.

Wepesi huo uligharimu kazi nyingi. Fundi wa Uingereza wa karne ya 19 aliupaka chuma masizi ya taa, akaifunga bunduki, akaifungua tena, kisha akapiga tupa pale tu masizi yalipoonyesha kuwa vyuma vinagusana isivyotakiwa. Alirudia hivyo mara nyingi mno. Ndiyo sababu mitutu ya bunduki moja huenda isiingie katika mtambo wa bunduki nyingine, hata kama zote mbili zimetoka katika karakana moja, na ndiyo sababu namba ileile huchongwa kwenye kila kipande.

Kabla ya hapo palikuwa na gobori. Mpigaji alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia marisawa, akashindilia kwa mdeki. Adui au nyati hakumsubiri amalize. Katika miaka ya 1830, Casimir Lefaucheux wa Paris alitengeneza bunduki inayokunjuka kwenye bawaba na kupokea risasi kwa nyuma. Bunduki yake ilionyeshwa London mwaka 1851, na mafundi wa Uingereza wakaanza kuiga. Mwaka 1875, William Anson na John Deeley, waliokuwa katika kampuni ya Westley Richards ya Birmingham, walibuni mtambo ambao nyundo zake zimefichwa ndani na hutegwa na uzito wa mitutu inapoinama. Kwa hiyo, bunduki ya aina hiyo ikifyatuliwa hali imetenganishwa, hukaidi kuunganishwa hadi nyundo zitegwe tena. Asiyejua hilo hulazimisha, akaiharibu.

Uvumbuzi huo unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa njia chungu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha kuingizwa katika eneo lililo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Hoja ilikuwa njema. Lakini tazama kilichoachwa mlangoni: bunduki za jiwe la kiberiti zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kuuzwa. Kiswahili kina neno lake, gumegume, nalo linafaa kuhifadhiwa. Mzungu alipita na bunduki inayojazwa kwa nyuma. Mwenyeji akabakiwa na ile ya kushindilia. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, wapiganaji wengi walikuwa na mikuki na magobori mbele ya bombomu za Wajerumani. Mimi huona kwamba vitabu vyetu vya shule huandika sana habari za maji ya Kinjekitile na kusahau kueleza ni nani aliyeamua miaka 15 kabla ni silaha gani Mwafrika ataruhusiwa kuinunua.

Karne moja baadaye, sheria iliandikwa na wenye nchi wenyewe. Tarehe 21 Aprili 2004, mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, yakiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, yalitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo hudai kila silaha itiwe alama inapotengenezwa: jina la mtengenezaji, nchi na namba yake. Tena alama hiyo iwe kwenye mtutu na kwenye mwili wa bunduki pia, kwa kuwa viwili hivyo huweza kusafiri katika mifuko tofauti na kukutanishwa upya ng'ambo ya mpaka.