Sifuri ya ghorofa ya chini

Nimeadimika kidogo, mitihani ilitubana. Jana umeme ulikatika hosteli, nikabaki gizani nawaza kesi yangu ileile: nihame uhandisi wa umeme niende hisabati, au nivumilie? Mzee nyumbani hataki hata kusikia. Basi ngoja niwape historia ya jamaa mmoja.

Raoul Bott alizaliwa Budapest mwaka 1923, akasomea uhandisi wa umeme McGill, Kanada, halafu akahamia hisabati. Silaha aliyokuja kuitumia ilianzia kifungoni. Wajerumani walimteka Mfaransa Jean Leray mwaka 1940, wakamweka kambini Austria hadi 1945. Alikuwa bingwa wa mwendo wa vimiminika. Kwa kuogopa wasimtumie vitani, akaficha ujuzi huo, akafundisha mateka wenzake topolojia. Humo ndimo ilimoanzia kohomolojia ya miganda.

Sasa chukua tufe. Kwenye kila nukta simika mstari mmoja, na ukizungusha tufe, mistari izunguke nalo. Mabando haya ya mistari (sio bando la simu jamani!) yana namba: 3, 0, -5, yoyote ile. Ukitaka kuchagua nukta kwenye kila mstari kwa fomula safi ya namba changamano, bando la 3 linakupa machaguo 4 yasiyotegemeana. Kwa tufe na ndugu zake wakubwa, Armand Borel na André Weil ndio waliolichambua hilo; Serre akalieleza Paris mwaka 1954. Ila namba ikiwa hasi, unapata sifuri. Mimi ningefunga daftari nikalale.

Bott hakulala. Mwaka 1957 akaonyesha kwamba kohomolojia ina ghorofa. Bando la -5 chini ni tupu, lakini panda ghorofa moja: vipimo 4 vinakusubiri, na vinazunguka sawasawa na vile vya bando la 3! Kwa maumbo makubwa, kila bando lina kitu kwenye ghorofa moja tu, au halina kabisa. Kwenye tufe, lisilo na kitu popote ni la -1 peke yake.

Hiyo -1 ndiyo inayoniogopesha, wadau. Sijui kama sifuri zangu za muhula huu ni -5 au ni -1. Jumamosi naenda kuongea na mzee. Niombeeni, tuko pamoja.