"Run" na Hesabu ya Maana: Kitenzi cha Kiingereza Mbele ya Kauli ya Kutendesha

Mwaka 2011 wahariri wa kamusi kuu ya Kiingereza, Oxford English Dictionary, walitangaza kwamba kitenzi "run", baada ya kuandikwa upya, kimeonekana kuwa na maana 645. Peter Gilliver, mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, aliishughulikia kwa muda wa miezi 9 hivi. Kabla ya hapo kitenzi kilichosifika kwa wingi wa maana kilikuwa "set", ambacho katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, kilihesabiwa kuwa na maana 430. Tarakimu hizi zimependwa sana na wale wanaozungumza juu ya lugha kwa jumla, na mara nyingi hutolewa kama ushahidi wa utajiri wa Kiingereza. Kiswahili nacho hupimwa kwa pishi hiyo hiyo: mtu hufunua kamusi penye "kimbia", akaona mistari michache, akaridhika kwamba shauri limekwisha. Lakini historia ya kitenzi "run" yenyewe haimuungi mkono mpimaji huyo.

Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili mahali ambapo leo pana kimoja. Cha kwanza, "irnan", ambacho kina umbo la pili "rinnan", hakikuwa elekezi: mtu alikimbia, maji yalitiririka. Cha pili, "ærnan", kilikuwa kauli ya kutendesha ya kile cha kwanza, na mpanda farasi alikitumia aliposema kwamba amemkimbiza farasi wake. Tofauti yao ilikaa katika irabu ya mzizi, kwa desturi ya lugha za jamii hiyo, lakini kazi yake ilikuwa ile ile ambayo katika Kiswahili hufanywa na viambishi -ish- na -iz-. Watu wa Skandinavia waliokuja kukaa kaskazini na mashariki ya Uingereza walileta vitenzi vyao vya asili moja na hivyo, navyo vilikuwa na mgawanyo huo huo. Katika Kiingereza cha Kati maumbo haya yote yalichanganyika, na ilipofika karne ya 16 umbo moja, ambalo irabu yake yaelekea ilitoka katika wakati uliopita, lilikuwa limekwisha kuyameza mengine.

Kijerumani hakikufika huko. Hadi leo "rinnen" ni kutiririka, na "rennen" ni kukimbia. La ajabu ni kwamba hiki cha pili ndicho kilichokuwa kutendesha kwa kile cha kwanza, kikaipoteza maana ya kutendesha bila ya kulipoteza umbo lake. Mtunga kamusi wa Kijerumani ana maingizo mawili. Mwenzake wa Kiingereza ana moja tu, na ndani yake lazima aingize habari za mkimbiaji, za maji na za yule anayemkimbiza farasi. Hapo hesabu imeanza kupanda, wala haikupandishwa na wazo lolote jipya lililoingia katika vichwa vya Waingereza. Imepandishwa na jengo la sarufi lililobomoka.

Habari ya "set" yafanana na hiyo kwa upande mwingine. Kitenzi hicho ni kutendesha kwa "sit", kama "ketisha" ilivyo kwa "keti". Kijerumani kina jozi hiyo hiyo katika "sitzen" na "setzen", na Kiingereza chenyewe kina masalio mengine ya namna hii: "lay" kwa "lie", na "fell", yaani kuuangusha mti, kwa "fall". Kanuni iliyoyazaa maumbo haya ilikufa zamani, nayo yakabaki kama watoto waliosahau ukoo wao. Msemaji wa leo hahisi kwamba katika "set" mna kuketi ndani yake, na kwa sababu hiyo yuko huru kukipeleka apendako: kupanga meza, kutega saa, kutua kwa jua, kuganda kwa saruji.

Ni kweli kwamba maana nyingine ziliongezeka baadaye. Saa na vinu vilianza kusemwa kwa "run" tangu karne ya 16. Mitambo ya mvuke ikalieneza neno zaidi. Na katika karne ya 19 Wamarekani walilitumia kwa mgombea wa kiti na kwa mwenye kusimamia biashara. Mwingereza, kwa desturi yake, hakimbii katika uchaguzi bali husimama. Asemaye katika Kenya kwamba fulani "amesimama ubunge" amefuata nyayo za Mwingereza, ilhali "kugombea", neno lenye ugomvi wa waziwazi ndani yake, lasema kweli kuliko yote mawili.

Tena kuna suala la namna ya kuhesabu. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alikipa kitenzi "take" maana 134, na katika dibaji yake alinung'unikia vitenzi vya namna hii, "set" na "run" vikiwa miongoni mwa alivyovitaja. Kamusi ya Oxford ilikwenda mbali zaidi. Tangu mpango wake ulipoanzishwa mwaka 1857 na chama cha wanafilolojia cha London, wasomaji wengi sana wa kujitolea walinakili sentensi kutoka vitabuni na kuzituma. James Murray akawa mhariri mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1884, na kazi ikakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya kifo chake. Neno lililokusanyiwa nukuu kwa miaka 70 haliwezi kukosa maana nyingi.

Kiswahili hupita njia nyingine. Mto hutiririka au hupita, makamasi hutoka, rangi ya nguo huchuja, barabara huelekea mahali, mkataba huendelea, bidhaa huvushwa kwa magendo. Mahali ambapo Mwingereza huendesha duka, shule, mashine au serikali kwa "run", Mswahili hutumia "endesha", yaani kutendesha kwa "enda", na kitenzi hiki nacho kimejipatia milki pana: huendeshwa gari, kesi, mkutano na semina. Hata tumbo huendesha, na hapa lugha mbili zisizo na undugu zimekutana katika shida moja ya mwili. Yeyote atakayetaka kuulinganisha uzito wa "run" na wa kitenzi cha Kiswahili hana budi kuziweka katika mizani "enda", "endea", "endesha", "endelea" na "endeleza" kwa pamoja, kwa kuwa kazi ambayo Kiingereza huiachia muktadha hapa hufanywa na kiambishi. Kutoa "kimbia" peke yake ashindane na "run" ni kumpeleka mtu mmoja apigane na jeshi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili kimesimama pale Kiingereza kilipokuwa miaka 1,000 iliyopita, na kwamba hakigeuki. Kiambishi cha kale cha kutendesha, ambacho alama yake imebaki katika "ponya" kutoka "pona" na "ogofya" kutoka "ogopa", hakiundi tena maneno mapya kwa wepesi. "Onya" ni mfano ulio bora. Kwa asili ni kumfanya mtu aone; lakini neno hilo limekwisha kuhamia katika nasaha na makatazo, na waliohitaji kutendesha kwa "ona" walilazimika kuliongezea kiambishi cha pili, wakapata "onyesha". Hayo ndiyo yaliyoipata "set": kutendesha kulikojitenga na mzazi wake.

Ipo pia njia ya tatu, nayo ni ya "piga". Katika kupiga pasi, kupiga deki, kupiga mswaki, kupiga kura, kupiga mbizi na kupiga miayo, pigo lenyewe limefifia au limetoweka, na mzigo wote wa maana umebebwa na jina lifuatalo. Hata kukimbia kwenyewe kwaweza kusemwa hivyo: kupiga mbio. Kiajemi hufanya vivyo hivyo kwa kitenzi "zadan", ambacho nacho ni kupiga: "mesvāk zadan" ni kupiga mswaki, "telefon zadan" ni kupiga simu, "dast zadan" ni kupiga makofi. Kiarabu nacho hupiga mfano na hupiga hema kwa kitenzi "ḍaraba". Mfanano huu hautoshi kuthibitisha mkopo, maana lugha nyingi hukidhoofisha kitenzi chenye nguvu ili kitumike kila mahali. Lakini katika "kupiga mfano", msemo uliokaa karibu sana na maandishi ya dini, athari ya Kiarabu ni vigumu kuikana.

Je, "piga" ina maana ngapi? Jibu hutegemea ni nani anayeandika kamusi na kwa ajili ya nani. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ya Madan ya mwaka 1903 na ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 zilikusudiwa kumsaidia mgeni ajue aseme nini kwa Kiingereza. Kwa mtu huyo orodha ya misemo ilitosha, kila mmoja na tafsiri yake. Haikuwapo haja ya kuuliza kama kupiga randa na kupiga msasa ni maana moja au mbili, wala ni lini kupiga kulipoacha kuwa pigo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilimfasilia Mswahili maneno yake kwa Kiswahili, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo nayo haikuwa kamusi ya nukuu zenye tarehe.

Nukuu hizo si adimu. Mswada wa Utendi wa Tambuka una tarehe ya mwaka 1728. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na Baraza likaanza Nairobi mwaka 1939. Mfano mmoja watosha kuonyesha faida yake. "Simu" kwa asili ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Mashine ya telegrafu hupigwa kwa kidole. Ikiwa "piga simu" ilitangulia kusemwa kwa telegrafu, basi pigo lilikuwa pigo la kweli, na maana ya leo imezaliwa baada ya kitufe kuondoka. Ikiwa ilianza na simu ya kusemea, msemo huo uliingia moja kwa moja katika safu ya pasi na deki. Mwamuzi hapo ni sentensi za magazeti ya zamani, zikiwa zimepangwa kwa miaka yake.