Beauvoir Mikononi mwa Friedan

Mwaka 1949 Simone de Beauvoir alitoa Le Deuxième Sexe, juzuu mbili. Wamarekani walikisoma kitabu hicho tangu 1953 katika tafsiri ya Parshley, mtaalamu wa wanyama, aliyekata kurasa nyingi, hasa za historia ya wanawake. Hasara ambayo msomaji wa Kifaransa huisahau upesi. Miongoni mwao alikuwemo Betty Friedan. Kitabu chake cha 1963, The Feminine Mystique, chamtaja Beauvoir kwa uchache mno. Deni hilo alilikiri wazi katika miaka ya 1970 tu. Hata hivyo hakuwa mfuasi mtiifu. Katika mazungumzo yao ya 1975 Beauvoir alikataa wanawake waruhusiwe kuchagua kubaki nyumbani kulea watoto. Friedan aliitetea hiari hiyo, kwa dhana ya uhuru ambayo, yaelekea, aliichota kwa Beauvoir mwenyewe.