E-LIS: Hazina Huria ya Makala za Ukutubi

E-LIS ni hazina ya kidijitali ya kimataifa ambamo wataalamu wa ukutubi na sayansi ya habari huweka wenyewe makala zao, ili yeyote mwenye intaneti azisome bila kulipa. Ilianza mwaka 2003 kwenye seva za CILEA, ushirika wa vyuo vikuu vya mkoa wa Lombardia nchini Italia, na baadaye ikahamia Chuo Kikuu cha Federico II mjini Napoli. Imekusanya kazi zaidi ya 20,000: makala za majarida, mada za mikutano, sura za vitabu, tasnifu, ripoti, hata slaidi za mihadhara. Mwandishi halipishwi kuweka wala msomaji halipishwi kusoma. Wanaoiendesha ni wakutubi na wahadhiri wanaojitolea, wengi wao wakiwa wahariri wanaosimamia kazi zinazotoka katika nchi zao.

Kitendo kinachoijaza hazina hii, yaani mwandishi kujiwekea makala yake mahali palipo wazi, hueleweka vibaya mara nyingi, hata miongoni mwa wasomi. Wengi hudhani ni kuchapisha mahali pa bei rahisi, au kukwepa wahakiki. Sivyo. Makala hupelekwa kwenye jarida kama kawaida, huhakikiwa kama kawaida, hutoka kwenye jarida kama kawaida. Kinachoongezeka ni nakala ya pili, anayoiweka mwandishi kwa mkono wake, kwa ajili ya msomaji ambaye chuo chake hakina fedha za kulipia jarida lile. Tamko la Budapest la tarehe 14 Februari 2002, ambalo ndilo lililoupa ufikiaji huria jina na maana unayobeba hadi leo, lilitaja njia mbili za kuufikia. Ya kwanza ilikuwa hii ya mwandishi kujiwekea. Majarida huria yalitajwa ya pili.

Ili kuelewa kinachowekwa, sharti kutofautisha hatua tatu za makala. Kuna muswada aliouandika mwandishi kabla haujahakikiwa na mtu. Kuna muswada uliokubaliwa: wahakiki wameshatoa hoja zao, mwandishi amesahihisha, mhariri ameridhia, lakini mchapishaji hajaupanga kurasa wala kuupa nembo yake. Na kuna toleo la jarida lenyewe, lenye namba za kurasa na jina la mchapishaji juu. Mikataba mingi ya uchapishaji humkataza mwandishi kusambaza toleo hili la tatu, lakini humruhusu kuweka la kwanza, na mara nyingi la pili pia, pengine baada ya kipindi cha zuio cha miezi kadhaa. Huko Uingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, orodha iliyoanza kwa jina la RoMEO imekuwa ikikusanya masharti hayo, mchapishaji kwa mchapishaji, ili mwandishi asilazimike kusoma kila mkataba kwa darubini.

Kwa hiyo faili lenye thamani kubwa kuliko yote ni lile la hatua ya pili, na ndilo linalopotea kuliko yote. Linabaki kwenye kompyuta iliyokufa, kwenye flashi iliyosahaulika kwenye kompyuta ya chumba cha mikutano, au kwenye barua pepe ya mwandishi mwenza aliyehama kazi. Makala ikishatoka, mwandishi hupakua PDF nzuri ya jarida na kuiona kuwa ndiyo makala. Muswada wa Word hauangaliwi tena. Miaka miwili baadaye hazina inapouomba, haupo. Mkutubi anayetaka kuwasaidia wasomi wa chuo chake aanzie hapo: awazoeze kuweka faili siku ileile barua ya kukubaliwa inapofika, kabla furaha haijapoa.

Asili yake

Wazo hili la mwandishi kujiwekea makala halikuzaliwa maktabani. Wanafizikia ndio waliotangulia: mwaka 1991 Paul Ginsparg alianzisha huko Los Alamos, Marekani, huduma iliyokuja kuitwa arXiv, nao wanafizikia waliokuwa na mazoea ya kutumiana miswada kwa posta wakahamia humo bila kubembelezwa. Mwaka 1994 Stevan Harnad alitoa pendekezo kwamba wasomi wote wanaoandika bila kulipwa waweke makala zao wazi kwenye mtandao, na mwaka 1997 ikazaliwa CogPrints kwa ajili ya saikolojia na fani jirani. Mwaka huohuo Thomas Krichel alianzisha RePEc kwa wanauchumi.

Hatua iliyowagusa wakutubi kwa karibu ilikuja Oktoba 1999, mjini Santa Fe, Marekani. Wenye hazina mbalimbali walikutana kutafuta namna hazina zao zitakavyozungumza lugha moja. Kutoka hapo ikapatikana itifaki ya OAI-PMH, ambayo toleo lake la pili lilitolewa mwaka 2002. Kwa itifaki hiyo, mashine moja huiuliza nyingine: tangu tarehe fulani umepokea nini kipya? Nayo hujibiwa kwa orodha ya metadata, yaani vichwa, waandishi, ikisiri, tarehe na anwani za faili. Makala iliyowekwa Napoli huonekana hivyo kwenye fahirisi za nchi nyingine bila mtu kuinakili. Mkutubi yeyote anaitambua kazi hiyo: ni katalogi ya pamoja, ile ambayo wakutubi walikuwa wakiijenga kwa kadi tangu zamani, ila sasa kadi zinajituma zenyewe.

Programu nazo zilipatikana bure. EPrints ilitoka Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace ikatolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Hapo fani ya ukutubi haikuwa na kisingizio tena. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Arizona kilifungua dLIST chini ya Anita Coleman, mojawapo ya hazina za kwanza za fani hii, na mwaka uliofuata E-LIS ikaja na nia ya kubeba lugha na nchi nyingi. Hazina zote mbili zilitumia EPrints.

Makala inavyoingia

Tumchukue mhadhiri wa ukutubi aliyepata barua ya kukubaliwa. Anafungua akaunti, anachagua aina ya kazi, anaandika kichwa, anaweka ikisiri na maneno muhimu. Makala yenyewe inaweza kuwa ya lugha yoyote, lakini ikisiri na maneno muhimu vinatakiwa viwe na Kiingereza chake, ili wa lugha nyingine waipate. Kisha anafika kwenye mada.

Hapa E-LIS ina kitu chake cha pekee: mpango wa uainishaji uitwao JITA. Jina hilo ni herufi za kwanza za majina ya waliouandaa: José Manuel Barrueco Cruz, Imma Subirats Coll, Thomas Krichel na Antonella De Robbio. Una madaraja makuu 12, kuanzia A mpaka L. A ni nadharia na mambo ya jumla, C ni watumiaji na usomaji, E ni uchapishaji na sheria, L ni teknolojia ya habari na ya maktaba. Chini ya kila herufi kuna herufi ya pili. Makala inayohusu hazina zenyewe, kwa mfano, huenda HS. Mpango huu ni mwepesi kuliko ule wa Dewey unaopanga vitabu rafuni, na mwandishi ambaye si mwainishaji anaweza kuutumia kwa dakika mbili. Naona hilo ni jambo la busara kubwa. Wakutubi wangeweza kudai uainishaji mzito kama wa rafu zao, wakaishia na hazina safi isiyo na kitu ndani.

Mwandishi akibonyeza kitufe cha kuwasilisha, kazi haionekani papo hapo. Inakwenda kwenye foleni ya mhariri wa nchi, ambaye hahakiki hoja za makala bali hukagua mambo ya kikutubi: je, faili linafunguka? Je, ni toleo linaloruhusiwa au mtu amepakia PDF ya jarida yenye onyo la hakimiliki? Je, ikisiri ni ya makala hii? Kisha majina. Fomu inataka jina la ukoo litangulie, na hapo waandishi wa pwani yetu hupata tabu. Ali Juma Hamisi ana jina lake, la baba na la babu. La ukoo ni lipi? Leo akiandika Hamisi, kesho Juma, na mwandishi mwenzake akamwandika Ali, hazina itamgeuza kuwa watu watatu, na kazi zake zitatawanyika. Dawa ni kuchagua umbo moja mwanzoni mwa maisha ya uandishi na kulishika, na kujiandikisha ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti inayomfuata popote aendako.

Wenye kufundisha na kutenda

Wakutubi ndio wanaowahimiza madaktari, wahandisi na wanahistoria kuweka kazi zao. Mtu angetarajia basi wao wawe wa kwanza. Utafiti wa Doug Way, uliotoka mwaka 2010 katika jarida la College & Research Libraries, ulitafuta makala za majarida 20 mashuhuri ya fani na kukuta kwamba kuweka kazi hazinani haikuwa desturi ya kawaida ya waandishi wake. Mwaka 2011, katika jarida hilohilo, Holly Mercer alichunguza makala walizochapisha wakutubi wa vyuo vikuu mwaka 2008, akakuta zinazopatikana bure zinakaribia nusu.

Nusu si haba, lakini kwa watu ambao kazi yao ni kufungua milango, ni pungufu. Sababu si ujinga. Ni fani chache zinazoijua OAI-PMH au hakimiliki kuliko hii. Sababu ni kwamba kujua hakumwekei mtu faili. Kinachofanya kazi ni utaratibu uliokubaliwa na wenyewe. Machi 2009 wakutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walijipitishia sera ya kuweka makala zao kwenye hazina ya chuo, kabla chuo kizima hakijafanya hivyo. Walijifunga wao kwanza, ndipo wakaenda kuzungumza na idara nyingine.

Sababu ya pili ni mikataba, na hapo wasomi wa ukutubi wameonyesha ujasiri usiosifiwa vya kutosha. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya Taylor & Francis, kwa majarida yake ya fani hii peke yake, ilianza kuwaruhusu waandishi kuweka muswada uliokubaliwa bila kipindi cha zuio. Ilianza kama majaribio ya miaka miwili, kisha ikabaki. Hata hivyo, masharti ya leseni hayakuwaridhisha wote. Machi 2013 mhariri wa Journal of Library Administration, Damon Jaggars, na bodi yake nzima walijiuzulu, wakisema masharti ya mchapishaji huyo yanawabana waandishi mno. Mmoja wao, Chris Bourg, alieleza hadharani kwamba alikuwa akisutwa na dhamiri tangu kifo cha Aaron Swartz Januari ya mwaka huo, kijana aliyekuwa akishtakiwa kwa kupakua makala nyingi za maktaba ya kidijitali ya JSTOR. Januari 2019 bodi ya Journal of Informetrics nayo iliacha jarida hilo la kampuni ya uchapishaji ya Elsevier na kuanzisha Quantitative Science Studies, jarida huria linalotolewa na MIT Press.

Afrika Mashariki

Katika ukanda wetu mzigo umebebwa zaidi na hazina za vyuo kuliko E-LIS. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi vina hazina zao, na mkutubi ndiye mara nyingi anayepakia kwa niaba ya mhadhiri. Jarida la Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husomwa kupitia AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998. Tangu mwaka 2018 pia ipo AfricArXiv, inayopokea miswada ya watafiti wa Afrika, na ambayo inakaribisha waziwazi kazi zilizoandikwa kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo.

Hazina ya chuo na hazina ya fani hazigombani. Ya chuo huonyesha nini kimefanyika Morogoro; ya fani humpeleka mwandishi wa Morogoro mezani kwa mkutubi wa Lima au Zagreb anayetafiti jambo lilelile. Makala ileile yaweza kukaa kote kuwili, mradi mkataba unaruhusu.

Anayeandika ukutubi kwa Kiswahili ana kazi moja zaidi. Istilahi bado hazijatulia. Kwa kitu kimoja wengine huandika hazina, wengine hifadhi, wengine ghala. Kwa jingine ufikiaji huria, ufikivu huria au upatikanaji huria. Mashine haijui kwamba haya ni mamoja. Kwa sasa mwandishi makini hujaza maneno yote matatu kwenye sehemu ya maneno muhimu, na la Kiingereza pembeni yake, ili msomaji atakayetafuta kwa lolote kati ya hayo aikute makala.