Rejeta: jina, ufa na maneno ya gereji

“Gari linachemsha.” Dereva wa Prado ya mwaka 1998 akimpigia fundi wake simu kutoka mlima Kitonga, mkoani Iringa, maneno hayo mawili yanatosha. Fundi anajua mahali pa kuanzia: rejeta.

Neno hilo ni mtoto wa “radiator” ya Kiingereza. Midomo ya Waswahili iliibana ile “di” pamoja na irabu inayoifuata, ikawa “je”, kisha mwisho ukafungwa kwa “a”. Sasa limo katika ngeli ya I-ZI bila shida yoyote: rejeta imepasuka, rejeta zimepasuka. Huko Kenya husikika pia redieta, lakini kifaa ni kilekile.

Jina la asili lenyewe lina kasoro. Mzizi wake wa Kilatini unahusu kutoa miale, ilhali rejeta ya gari haitegemei sana miale kuondoa joto. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupita katika mirija myembamba, joto likahamia kwenye mapezi ya bati yaliyoshikana na mirija hiyo, na upepo wa mwendo au wa feni ukalichukua. Wajerumani walitazama kazi ya kifaa wakakiita Kühler, yaani kipozaji. Mjerumani Wilhelm Maybach ndiye aliyebuni, mwaka 1900, rejeta ya sega la nyuki kwa ajili ya gari la Mercedes la nguvu farasi 35. Ilikuwa na mirija 8,070, na umbo lake ndilo lililoyawezesha magari ya mwendo kasi kwenda mbali bila kuishiwa maji.

Je, Kiswahili nacho kiseme kipozainjini? Hoja ya maana ipo, ila imechelewa. Kuanzia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, hadi maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mteja huomba rejeta na hupewa rejeta. Istilahi iliyokwisha kushika namna hiyo haifai kung'olewa. Upungufu uko kwingine: kamusi zikishaitaja rejeta hunyamaza, wakati sehemu zake ndizo zinazoharibika na ndizo zinazomgharimu mwenye gari.

Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na ufa wake ulilehemiwa na fundi aliyejua kazi. Zilizo katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 ni za namna nyingine. Katikati ni alumini. Tangi la juu na la chini, au la kulia na la kushoto, ni plastiki ngumu ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, iliyobanwa kwa meno ya alumini juu ya gasketi ya mpira. Maji yanayotoka kwenye injini huingia yakiwa na joto la juu kabisa, na plastiki ya upande huo huungua polepole kwa miaka. Hubadilika rangi kuelekea kahawia, hukakamaa, kisha hupata ufa, mara nyingi kwenye shingo panapofungwa mpira wa juu. Hapo hakuna cha kulehemu. Tangi hubadilishwa pamoja na gasketi yake, au rejeta nzima.

Ufa mdogo una madhara makubwa kwa sababu ya presha. Mfuniko wa rejeta huwa na namba kama 0.9 au 1.1, na hicho ndicho kipimo cha presha inayozuiwa ndani. Jijini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji ya wazi huchemka yapata nyuzi 94 za Selsiasi. Yakiwa chini ya mfuniko wa 1.1 huvuka 115 kabla ya kuchemka. Ufa ukiitoa presha hiyo, kinga yote imekwenda. Ndiyo maana kitenzi “kuchemsha”, alichokichagua mtu wa kawaida, ni sahihi kabisa kitaalamu: maji yanachemka kweli, na yakigeuka mvuke hayapozi kitu.

Tena ufa huo hufunguka injini ikipata moto na kufumba ikipoa. Gari likilala usiku kucha huenda lisiache hata tone sakafuni. Fundi makini huijaza rejeta hewa kwa pampu ya kupimia presha, au hutafuta alama ya kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, iliyokauka chini ya shingo.

Hapa maneno yanageuka fedha. Tangi la plastiki hupata ufa. Mirija hutoboka kwa jiwe au kutu. Rejeta nayo huweza kuziba kwa chokaa na kutu ya maji ya bomba, gari likachemsha bila kuvuja hata kidogo. Mwenye gari anayesema tu “rejeta mbovu” anaweza kuuziwa rejeta mpya wakati alihitaji kuzibuliwa ile aliyonayo.

Kuna ufa mwingine usioonekana kwa nje. Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya giaboksi hupozwa na bomba lililo ndani ya tangi la rejeta. Nissan Pathfinder za 2005 hadi 2010 zilijulikana kwa bomba hilo kushindwa, maji na oili vikachanganyika na giaboksi ikafa. Nchini Marekani kampuni iliongeza muda wa dhamana ya rejeta zake. Oili ya giaboksi ikionekana na rangi ya waridi yenye povu, gari lisiwashwe tena.

Likichemsha njiani, lizimwe na kusubiriwa. Mfuniko usifunguliwe likiwa la moto, na maji baridi yasimiminwe kwenye injini inayowaka joto, maana silinda hedi ya alumini huweza kupinda au kupasuka. Yai bichi, dawa ya kale ya madereva, huziba ufa kwa muda na huziba mirija pia. Kulanti iliyomwagika isiachwe wazi: ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto na wanyama.

Watunga kamusi wana kazi nyepesi hapa. Tangi la juu, mapezi, mirija, mpira wa juu na mfuniko wa presha ni maneno yanayoeleweka tayari. Yaandikwe chini ya rejeta, kila moja na maelezo yake.